Wewe unafunga, na mimi je?

Shangazi alipiga simu saa nne asubuhi, wakati ambao tumbo langu huwa limeshaanza kulalamika. Hakuzunguka. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akaingia moja kwa moja: "Nimesikia siku hizi huli mpaka mchana, na kila mtu anasema umependeza. Sasa kuna sauti nimetumiwa kwenye simu. Daktari anasema ukifunga siku tatu, maji tu, mwili unajisafisha na sukari inapona. Wewe unafunga. Na mimi je?"

Shangazi ana kisukari cha miaka mingi. Anameza vidonge asubuhi na kuchoma insulini jioni.

Nilimwomba asianze chochote mpaka nimpigie.

Jibu la zile siku tatu halikunisumbua. Hata bila kusoma popote nilijua kwa mtu wa hali yake ni hatari. Kilichonisumbua ni lile "wewe". Watu wanapoona nguo zimenilegea huuliza, na mimi hujibu kwamba kufunga kumenifaa. Wanaridhika, mazungumzo yanaendelea. Shangazi ndiye wa kwanza kuuliza kwa namna iliyonilazimu nijue kumenifaa nini hasa, kwa njia ipi, na kama njia hiyo inapitika kwa mtu mwingine.

Wiki zikapita nikiwa nalo.

Siku tatu zimetoka wapi?

Nilianza na ile sauti. Niliisikiliza mara kadhaa, na lazima niseme ukweli, yule bwana anaongea vizuri. Hana papara. Anataja Tuzo ya Nobel, anataja seli, anataja saa 72, halafu anashusha sauti kidogo na kusema hospitali hawatakuambia haya. Hapo ndipo wengi wananaswa.

Ugumu ni kwamba hadanganyi kila kitu.

Ni kweli Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016, kwa kuonyesha jinsi seli inavyokusanya vipande vyake vilivyochakaa, ikavimeng'enya na kuvitumia upya. Kazi hiyo ya seli huitwa otofajia, jina ambalo Christian de Duve alilitumia tangu 1963. Ni kweli pia kwamba seli ikinyimwa chakula, otofajia huongezeka.

Lakini Ohsumi aliiona wapi? Kwenye hamira. Alizinyima seli za hamira virutubisho, akazitazama kwa hadubini, na ndani ya saa chache akaona vifuko vidogo vimejazana ndani yake. Kutoka kwenye vifuko hivyo alifika hadi kwenye jeni zinazoendesha kazi yote. Ni ugunduzi mkubwa, na heshima yake ni halali kabisa. Ila hausemi mtu akae saa ngapi bila kula, wala hausemi kwamba kisukari kinapona kwa njia hiyo.

Otofajia inaendelea mwilini mwako hata sasa unaposoma, umeshiba au una njaa. Kinachobadilika ni kasi. Na kasi hiyo kwa binadamu mzima haipimiki kwa tone la damu ya kidole. Hakuna kliniki ya kawaida utakayoingia ukatoka na karatasi inayosema otofajia yako imefikia kiwango fulani. Saa nyingi zinazotajwa mitandaoni zina asili ya panya. Panya wa maabara akikosa chakula siku moja anaweza kupoteza sehemu ya kumi ya uzito wake au zaidi. Mtu wa kilo 80 ingebidi apungue kilo 8 kati ya leo na kesho.

Siku ya panya si siku yetu.

Nilipofika hapo nilitaka kumpigia shangazi nimwambie ni uongo mtupu, basi. Nikasita. Kama ni uongo mtupu, mbona mimi mwenyewe najisikia vizuri?

Ini, maji, na mdai mlangoni

Yapo mambo kuhusu kufunga ambayo hayana ubishi, na hayahitaji mtu kushusha sauti.

Ini lina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, takriban gramu 100 kwa mtu mzima. Usipokula, ini huiachia kidogo kidogo ili sukari ya damu isianguke, na baada ya siku nzima hivi akiba hiyo huwa imekaribia kwisha. Wakati huo insulini imeshashuka, mafuta yanaachiwa kutoka yalikohifadhiwa, na kutokana nayo ini linatengeneza ketoni, nishati mbadala ya mwili. Miaka ya 1960 George Cahill na wenzake huko Marekani walipima damu inayoingia na inayotoka kwenye ubongo wa watu waliokuwa wamefunga kwa wiki kadhaa. Mwaka 1967 walionyesha kwamba ketoni ndizo zilizokuwa zimebeba sehemu kubwa ya kazi ya kuulisha ubongo. Kabla ya hapo iliaminika ubongo hauwezi bila sukari.

Sasa tazama mfungo wangu, na pengine wako. Nikila usiku saa mbili na kufungua mchana wa kesho yake, bado niko ndani ya akiba ya ini. Nimeanza kuugusa mlango wa mafuta, sijaingia ndani. Zile kilo zilizoyeyuka haraka mwanzoni, zilizonifanya nijione nimegundua siri, sehemu kubwa ilikuwa maji. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Akiba ikipungua, maji nayo hutoka. Ndiyo sababu mtu anapungua haraka, akila vizuri siku mbili kilo zinarudi, naye anajilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Njaa yenyewe ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kabla ya kufunga nilidhani njaa inapanda tu, kwamba ukiipuuza saa tano, saa saba itakuwa haivumiliki. Sivyo. Saa tano vidole vinapoa, mate yanajaa, nasoma sentensi moja mara tatu bila kuishika, na harufu ya chakula cha mtu mwingine inapenya hadi chumba cha pili. Ikifika saa saba, wakati sijatia kitu mdomoni, imeondoka. Njaa ni kama mdai: inagonga mlango, inapaza sauti, ikiona hafungui mtu inakwenda zake, kisha inarudi saa yake ileile. Maelezo yake yapo. Homoni iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, hupanda karibu na saa ulizozoea kula, kisha hushuka hata kama hukula.

(Kuumwa kichwa siku za mwanzo ni habari nyingine. Kwangu ilikuwa kahawa tu. Anayekunywa kila asubuhi akiikata ghafla, kichwa hugonga ndani ya siku moja, awe amefunga au amekula sahani tatu.)

Kujua kwamba njaa hupita kulinibadilisha kuliko kilo zozote. Nilikuwa mtu wa kula kwa hofu. Nilikula ili nisije kusikia njaa baadaye, nikabeba kitu mfukoni kwa safari ya nusu saa. Hofu hiyo imekwisha. Lakini ningemwelezaje shangazi, ambaye kwake kutetemeka vidole saa tano asubuhi ni dalili kwamba sukari inaanguka?

Mizani haikunipa nilichotaka

Nilitaka takwimu ziniunge mkono. Nikazitafuta kama mtu anayetafuta shahidi wa upande wake.

Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha watu 116 wenye uzito mkubwa. Nusu waliambiwa wale kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku tu, wengine wale milo mitatu kama kawaida. Ni dirisha langu la kula hasa, saa kwa saa. Baada ya wiki 12, waliofunga walipungua kilo 0.94. Wasiofunga walipungua kilo 0.68. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuhesabika kuwa ni kitu.

Mwaka 2022 ukaja mwingine, wa Guangzhou, China, wenye watu 139 waliofuatwa kwa miezi 12. Wote walipunguziwa chakula kwa kiwango kimoja. Kundi moja likabanwa pia kwa saa, lile kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Waliobanwa walipungua kilo 8.0, wenzao 6.3. Kwa macho inaonekana tofauti, kwa hesabu za kitakwimu haikutosha kusema kwamba saa ndizo zilizoleta nafuu.

Nilifunga kompyuta nikiwa nimenuna.

Kwa sababu ukizisoma bila upendeleo zinasema jambo moja: mtu anayefunga anapungua kwa kuwa anakula kidogo. Hakuna mlango wa siri. Dirisha likifungwa, mikono inakosa nafasi ya kupeleka vitu mdomoni, na jumla ya siku inashuka. Anayeweza kushusha jumla hiyo bila kufunga atafika palepale.

Basi kwa nini niendelee? Swali hili lilinikalia kuliko la shangazi, na jibu nililolipata halitamfurahisha yule bwana wa kwenye sauti. Naendelea kwa kuwa mimi ni mtu wa kubishana na chakula. Kipande kimoja, basi nusu, basi kesho nitaacha. Kutwa nzima. Mpaka wa saa umenipunguzia kesi za kusikiliza: kabla ya mchana hakuna mjadala, na akili inakwenda kufanya mambo mengine. Wapo wanaoona mpaka huohuo ni gereza. Mwaka 2017 ulitangazwa utafiti wa mwaka mzima juu ya kufunga siku moja na kuacha siku moja, ukilinganishwa na kupunguza chakula kila siku; asilimia 38 ya waliofunga waliacha njiani, dhidi ya 29 ya wale wengine. Uzito uliopungua ulikaribiana. Hao waliokimbia si legelege. Mpaka uliokuwa unanituliza mimi uliwachosha wao.

Utafiti mmoja tu ndio ulionifanya nikae wima tena. Ulitoka mwaka 2018, na ulikuwa mdogo sana: wanaume 8 waliokuwa wakielekea kwenye kisukari. Kwa wiki 5 walikula ndani ya saa 6 na kumaliza mlo wa mwisho kabla ya saa tisa alasiri, wakipewa chakula cha kutosha ili wasipungue uzito. Hawakupungua, na hata hivyo miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi, na presha ikashuka. Watu wanane hawatoshi kujenga juu yake sheria. Ila wanaelekeza upande ambao wengi wetu hatutaki kuutazama: kama saa zina faida yake zenyewe, inaelekea zipo kwenye kula mapema, wakati sisi tunaoruka asubuhi na kula usiku tumechagua dirisha linaloturahisishia maisha.

Walioenda mbali

Watetezi wa mifungo mirefu wana mtu wao wanayempenda, Angus Barbieri wa Scotland. Mwaka 1965, akiwa na kilo zipatazo 207, alianza kufunga chini ya uangalizi wa hospitali huko Dundee. Alikaa siku 382 bila chakula kigumu na akashuka hadi kilo 82 hivi. Ni kweli, madaktari wake waliandika habari zake katika jarida la tiba mwaka 1973.

Kinachoachwa ni sehemu inayochosha kusimulia. Alipewa vitamini na hamira, baadaye na chumvi za potasiamu na sodiamu. Damu na mkojo wake vilipimwa mara kwa mara. Na katika miaka hiyohiyo, wagonjwa wengine waliotibiwa kwa kufungishwa hivyo walikufa, ndiyo maana njia hiyo iliachwa. Barbieri tunamjua kwa kuwa alipona.

Halafu yupo Linda Hazzard, ambaye hatajwi kabisa. Huyu alijiita mtaalamu wa kuponya kwa kufunga, akaandika kitabu mwaka 1908, akawa na nyumba ya wagonjwa huko Olalla, jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1911 Claire Williamson, mwanamke tajiri kutoka Uingereza, alikufa kwa njaa akiwa mikononi mwake. Mwaka 1912 mahakama ilimtia Hazzard hatiani kwa kuua bila kukusudia. Alitumikia kifungo, akatoka, akaendelea na tiba ileile. Alikufa mwaka 1938, akiwa kwenye mfungo wa kujitibu mwenyewe.

Huyu mama ananitisha zaidi ya tapeli wa kawaida. Tapeli anajua anachouza. Yeye aliamini, hadi mwisho.

Na hatari haiko kwenye kufunga tu, iko hata kwenye kufungua. Mtu aliyekaa muda mrefu bila chakula akila ghafla, insulini hupanda na fosfati ya kwenye damu inakimbilia ndani ya seli. Moyo unaweza kushindwa kazi. Madaktari waliliona hilo kwa wafungwa waliokombolewa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Katika ile sauti ya dakika nyingi, namna ya kufungua haikupewa hata sentensi moja.

Kuna jambo la nafsi pia. Mwaka 1944 hadi 1945, huko Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliojitolea, kwa karibu miezi sita. Haukuwa mfungo, walikuwa wakila, ila nusu ya kawaida. Wakawa watu wa kuwaza chakula tu. Wengine walisoma vitabu vya mapishi usiku kama watu wanaosoma riwaya. Walikuwa wakali, wakajitenga, hamu ya mapenzi ikapotea. Nikisoma habari zao huwa najiangalia. Zipo siku nimeitazama saa ya ukutani kupita kiasi, na zipo siku nimejisikia bora kuliko mwenzangu anayekula mbele yangu. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiogopa. Kwa mtu, hasa kijana, ambaye tayari ana vita na mwili wake, neno "nimefunga" linampa kificho kizuri mno. Wanaomzunguka watamsifu kwa nidhamu huku anaumia.

Dawa haijui kama umefunga

Nilimpigia shangazi hatimaye. Nilimwambia hivi: sukari yako inashushwa na vitu viwili, mwili wako na dawa. Mimi nikifunga, mwili wangu unapunguza insulini wenyewe. Wako umechomwa insulini, nayo itafanya kazi yake hata kama tumboni hamna kitu. Kuna vidonge navyo huisukuma kongosho itoe insulini bila kujali umekula au la.

Kwa hili ushahidi ni mwingi, kwa sababu mamilioni ya wenye kisukari hufunga Ramadhani. Utafiti mkubwa wa mwaka 2001, katika nchi 13, uliwafuata wagonjwa zaidi ya 12,000. Matukio ya sukari kushuka vibaya, ya kulazwa hospitali, yaliongezeka mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wa aina ya pili. Kutokana na tafiti kama huo leo kuna miongozo: daktari anapanga upya dozi kabla ya mfungo, mgonjwa anajipima mchana, na sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L anafungua papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi.

"Kwa hiyo hapana," akasema.

"Hapana kwa siku tatu, shangazi. Mengine tukamuulize daktari."

Tulikwenda pamoja. Daktari hakucheka, jambo nililomshukuru kimoyomoyo. Alitazama daftari la vipimo vyake, akauliza anakula saa ngapi usiku, akasikia saa nne, akaweka kalamu chini. Alimshauri asogeze mlo huo mapema jioni, asile tena mpaka asubuhi, akabadilisha dozi ya insulini, akamtaka ajipime na kuandika kwa mwezi mzima.

Nje ya mlango shangazi alikuwa na hasira kidogo. "Yaani ni kula mapema tu? Hicho hata jina hakina."

Mwezi ulipokwisha, sukari yake ya asubuhi ilikuwa imeshuka kidogo. Kidogo, siyo muujiza. Anaendelea na insulini.

Meza

Nimebaki na la kwangu. Nikifuata upande wanakoelekeza wale wanaume wanane, ningekula asubuhi na mchana, jioni nikanyamaza. Nilijaribu. Mwili ulikubali haraka, usingizi ukawa mzito, kiungulia kikapotea.

Tatizo ni kwamba nyumbani watu hukutana jioni. Mchana kila mmoja yuko kwake. Nilikuwa nakaa nao mezani na bilauri ya maji, wao wanakula, na baada ya muda nikaona maongezi yamefupika. Mtu asiyekula mezani anawafanya wanaokula wajione wanatazamwa. Mtoto mmoja aliniuliza kama chakula kina kasoro. Siku zilizofuata nikawa napata visingizio vya kubaki chumbani mpaka wamalize.

Ustawi wa mwili haupo peke yake. Hakuna jaribio hata moja kati ya niliyoyataja lililopima nani alikula na nani.

Kwa hiyo kwa sasa nakula nao, ila mlo wa jioni tumeuwahisha kwa saa moja na nusu baada ya majadiliano marefu ambayo sikuyashinda yote. Asubuhi bado naruka, maana ndiyo saa nisiyo na mtu wa kula naye. Safari nyingine, kazi zikinichelewesha, dirisha linapanuka na silihesabu. Nimeomba nipimwe sukari ya damu na presha mwisho wa mwaka. Zikiwa zimepanda, tutarudi kwenye mazungumzo ya meza.